UZI: Vishairi vya maisha ya kila siku, vya kucheka na vya kumtaja Mungu. Tutunge, tusomane, tukosoane

#1 kalamu_ya_usiku (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaotunga vishairi vya maisha ya kawaida, vile vya kuchekesha, vile vya kumtaja Mungu na hasa vile ambavyo vina yote mawili kwa pamoja. Najua wengi mnavyo, mmeviandika kwenye noti za simu usiku halafu vinakaa humo humo mpaka simu inaharibika na vyenyewe ndo vimekwenda. Vileteni hapa visomwe.

Nina jambo moja la kusema na nitalirudia mpaka mnichoke: shairi la namna hii lianzie kwenye kitu, lisianzie kwenye somo. Na nikisema kitu namaanisha kitu kweli, ufunguo, mswaki, mlango unaogoma kufunga, foleni, mtoto anayekataa kulala. Ukianza na somo (tumche Mungu, tupendane, dunia tunapita) utaandika yale msomaji kashayasikia na wewe mwenyewe hutakutana na jambo jipya humo ndani. Ukianza na kitu, ukakitazama mpaka ukaona ni nini hasa kilichokuchekesha au kilichokuuma, imani kama unayo itaingia yenyewe bila kusukumwa. Na kicheko hivyo hivyo, hakiletwi kwa kutafuta maneno ya kuchekesha, kinakuja pale unaposema ukweli mdogo ambao kila mtu anaujua ila hajawahi kuusikia ukisemwa kwa vina.

Natanguliza la kwangu. Tarbia, yani beti ya mishororo minne, mizani (silabi) nane kwa nane:

Asubuhi naamka, simu naishika kwanza,
Macho hayajafumbuka, kusoma nimeshaanza,
Dole gumba lazunguka, hamu yake yaniponza,
Mola wangu niamshe, macho yapo moyo funza.

Humo hamna neno dhambi wala uvivu wa ibada, kazi yote imefanywa na dole gumba. Mtu anacheka kwenye mshororo wa pili kwa sababu anajijua, anafika kwenye kituo, yani mshororo wa mwisho, anakuta dua, na dua imemkuta bado anacheka. Hapo ndo inamwingia.

Ruksa tarbia, utenzi, tathlitha (ya mishororo mitatu), shairi huru, chochote. Ombi langu ukiweka shairi sema na kilichotokea mpaka ukatunga. Na anayekosoa ataje mshororo gani na kwa nini, "kali sana mkuu" ni maneno mazuri lakini hayamsaidii mtunzi kesho akishika kalamu.

#2 baba_wa_wawili

Mkuu uzi mzuri sana huu, mimi natunga muda ila sijawahi kuonyesha mtu zaidi ya mke wangu. Naweka beti moja mnikosoe bila huruma:

Tuzidi kuomba Mungu, dunia ina mashaka,
Tuache yote machungu, na mioyo kutakasika,
Imani iwe ni rungu, shetani apate toka,
Tumche Mola jamani, siku zetu zinafika.

#3 mzee_mizani

Karibu sana kijana. Vina vyako vimekaa, -ngu katikati na -ka mwisho, na kituo umekiachia kina chake cha kati, hilo linakubalika kabisa. Ila mshororo wa pili, kipande cha utao (kile cha pili baada ya mkato), kimezidi. Hesabu na mimi: na, mi, o, yo, ku, ta, ka, si, ka. Ni tisa. Neno mioyo lina mizani tatu, wengi hulighani haraka wakadhani ni mbili. Ondoa "na", ibaki "mioyo kutakasika", nane kamili na maana haijapungua hata kidogo.

Na kwa faida ya wote wanaoanza, mizani huhesabiwa kwa sikio. M ya "mtoto" inasimama peke yake, m-to-to, tatu. Lakini mb ya "mbuzi" haitengani, mbu-zi, mbili. "Nchi" ni mbili, n-chi. "Mwana" ni mbili. "Kaa" ni mbili, irabu zikifuatana kila moja inahesabiwa. Piga meza kwa kidole huku unatamka, kidole kitakuambia.

#4 kalamu_ya_usiku

Asante mzee kwa hilo. Baba wa wawili mimi sina ugomvi na mizani zako, zishanyooshwa. Nina swali. Humu ndani wewe uko wapi? Maana beti hii angeweza kuiandika mtu yeyote siku yoyote. Mashaka gani? Machungu ya nini? Kuna siku uliishika kalamu kwa sababu kuna jambo limetokea, likakutuma kumwomba Mungu. Lile jambo mbona hulileti? Sisemi beti ni mbaya, nasema kitu chenyewe umekiacha nje ya shairi.

Na lile rungu, samahani ndugu yangu, rungu limeitwa na kina tu. Ulitafuta -ngu ukalikuta.

#5 baba_wa_wawili

Duh, ni kweli kuhusu rungu.

Bas niseme kilichotokea. Siku ile kulikuwa na mambo mengi, kazini hakukuwa kuzuri na nilikuwa na hofu ya vitu ambavyo hata sijui niviitaje, nikaenda kumlaza mdogo, napunguza taa akaniuliza baba hivi Mungu analala wapi. Nikasimama pale na mkono kwenye swichi sina jibu. Nikamwambia tu Mungu halali mwanangu yuko macho, we lala. Akasema haya, akageuka ukutani akalala palepale. Mimi ndo sikulala haraka, nikaenda kuandika ile beti ya rungu.

#6 binti_bahari

KAKA!! Unayo hadithi hiyo ukaenda kutuandikia dunia ina mashaka?? Mungu analala wapi ni mizani nane tayari, hesabu, Mu-ngu a-na-la-la wa-pi. Mtoto kakupa utao bure kabisa. Kina chako cha mwisho ni -pi, unayo wapi, lipi, vipi, fupi, ngapi, kipi, kazi imebaki ndogo. Kaa nayo utuletee, na tafadhali usimfanye mtoto aongee kama mhubiri, muache aulize tu.

#7 baba_wa_wawili

Nimekaa nayo. Hii hapa:

Mwanangu kaniuliza, Mungu analala wapi?
Taa nikiipunguza, nami nimjibu lipi?
Akili ikajikaza, kauli ikawa fupi:
Yu macho, wewe ulale, hofu yatokea wapi?

Kuna kitu nimekiona wakati naandika ambacho sikukiona usiku ule, kwamba ule mshororo wa mwisho nilimwambia mtoto ila mwenye hofu chumbani nilikuwa mimi. Sijaandika hivyo wazi ila nadhani mtu atasikia.

#8 mzee_mizani

Atasikia. Mimi nimesikia.

Mtu mkali wa arudhi, yani kanuni za vina na mizani, atakuambia neno "wapi" limerudi mara mbili kwenye beti moja, na kwa kawaida kurudia neno lilelile kwenye kina ni dalili ya uchovu wa mtunzi. Hapa mimi ningeliacha. La kwanza ni la mtoto la pili ni la baba, na swali la pili limezaliwa na la kwanza. Kanuni inamlinda mtunzi asiteleze, ila anayejua kwa nini anarudia hajateleza.

Na nimefurahi kuona jibu ulilompa mtoto lina mizizi. Aliyesoma Ayatul Kursiyyu kwenye Kurani anajua Mwenyezi Mungu hashikwi na kusinzia wala kulala, na aliyesoma Zaburi ya 121 anajua hatasinzia wala hatalala usingizi. Hukutaja aya wala mstari, umesema "yu macho" bas, na msomaji wa dini yoyote kati ya hizo mbili atakutana na kitu anachokijua.

#9 binti_bahari

Mzee umenena. Sasa mi naomba nimjibu mwenye uzi kuhusu simu, maana naona kaionea. Nimefuata bahari yake, yani umbo la shairi lake, na kina chake cha mwisho kama inavyotakiwa kwenye kujibizana, cha kati nimebadili:

Simu usiitukane, nami nakujibu kwanza,
Tazama tuelewane, kengele nimeitunza,
Bila hiyo nisione, saa ya sala kuanza,
Kosa si la simu yako, dole lako lakuponza.

Haya nasubiri majibu na usije bila vina.

#10 kalamu_ya_usiku

Hahaha nimepigwa na dole langu mwenyewe. Jibu nitalileta, nipe muda maana umeziba njia vizuri, hoja yako ya kengele ni ya kweli na jibizano halipendezi kama unamjibu mtu hoja ambayo hakuisema. Hilo ndo linalonikera kwenye majibizano mengi ya siku hizi, mtu anakuja na matusi ya vina, hajasoma mwenzake kasema nini, yeye kabeba shairi lake tayari analibwaga. Kujibizana kwa kweli unachukua neno la mwenzako unaligeuza mbele yake kama ulivyofanya na dole. Hiyo inaonyesha ulinisoma.

#11 msomaji_tu

Wakuu mi sijawahi kutunga nasoma tu ila nina swali ambalo linanisumbua. Hivi hakuna shida kuchanganya utani na mambo ya Mungu? Nimelelewa nyumba ambayo ukicheka wakati wa sala unatolewa nje. Naona mashairi ya humu yananifurahisha halafu najiuliza kama ni halali kufurahi hivyo. Naomba nisieleweke vibaya siwahukumu.

#12 kalamu_ya_usiku

Swali zuri na umeliuliza kwa adabu kwa hiyo nalijibu kwa uzito wake.

Mimi mpaka wangu ni huu: simcheki Mungu na sicheki ibada ya mtu, namcheka binadamu anavyojaribu kuwa mwema akashindwa mahali padogo. Anayesali huku anawaza kama amezima jiko. Anayefunga halafu anaangalia saa kila dakika. Anayesamehe mtu kwa sauti kubwa ili asikiwe kuwa kasamehe. Hao ni sisi. Mtu akisoma hayo akacheka, amekubali kuwa ni kweli, na kukubali ukweli kuhusu nafsi yako mbele ya Mungu ni jambo ambalo dini zote mbili tunazozijua zinalitaka. Kinachoniogopesha mimi ni utani unaochagua dhehebu la watu wengine au mavazi yao au matamshi yao, huo hata ukiwa na mizani kamili siuweki.

Pia usidhani ni jambo la kigeni kwenye ushairi wa Kiswahili kuchanganya imani na mambo ya ndani ya nyumba. Mwana Kupona, mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wa wosia, na ndani yake kuna kumcha Mungu na Mtume, na papo hapo kuna jinsi ya kuishi na mume, usafi, namna ya kukaa na watu. Hakutenga karatasi ya dini na karatasi ya nyumbani. Na kule Mombasa Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu 1840, alitunga mapenzi, siasa, dhiki, mafumbo na majibizano, mambo yaliyokuwa yanaendelea mjini siku hizohizo, na bado ni mtu wa dini. Sisi tumekuja baadaye tukaanza kugawa, hili la msikitini au kanisani, hili la barazani. Wakubwa hawakugawa kiasi hicho.

#13 mzee_mizani

Naongeza moja. Kicheko kwenye shairi la imani kina mahali pake, nacho ni kabla ya kituo. Ukikiweka kwenye kituo chenyewe, msomaji anaondoka na kicheko na dua inabaki nyuma. Mtazame mwenye uzi alivyofanya, kacheka mshororo wa pili, katulia wa tatu, kaomba wa nne. Kwenye shairi la mzaha mtupu geuza, kicheko kiwe mwisho. Binti kafanya hivyo kwenye jibu lake.

#14 mchelewaji

Nimeusoma uzi wote kwa mkupuo, hamjambo. Mimi natunga bila vina. Sijui kama nitafukuzwa. Hii ni ya juzi:

Nimeanua nguo kabla ya mvua
zikiwa mbichi bado.
Mvua haikunyesha.
Nimezirudisha kambani moja moja
nikamwambia Mungu, haya,
nisubirie kidogo tu.
Ya mwisho nilikuwa bado nimeishika
iliponyesha.

Kilichotokea ndo hicho hicho, hakuna cha kueleza.

#15 binti_bahari

Nimecheka kwa sauti, "nisubirie kidogo tu", kama anaongea na jirani!! Hapo ndo penye imani yenyewe, mtu hamwambii nisubirie yule ambaye haamini yupo.

#16 mzee_mizani

Mchelewaji hakuna atakayekufukuza. Mimi nimefundishwa kuwa shairi ni lile lililofungwa kwa mizani na vina na lisilofungwa ni guni au ni maneno mazuri tu, na kwa miaka mingi hilo ndilo nililolishika. Bado nalishika kwa kiasi kikubwa, kwa sababu vina na mizani vinamsaidia msikilizaji akumbuke. Hii yako nimeipenda lakini kesho sitaweza kuighani bila kuisoma tena, ilhali ile ya Mungu analala wapi tayari imekaa kichwani. Hiyo ndiyo hoja yangu.

#17 mchelewaji

Nashukuru mzee, na hoja yako naielewa. Ila mi nikijaribu kufunga vina najikuta nasema uongo. Kwa mfano hapo ningelazimika kutafuta neno la kufanana na kambani, ningekuja na shambani au nyumbani, na hakukuwa na shamba. Nilitaka kuweka kilichokuwepo tu kwa mpangilio uleule, nguo, mvua, kusubiri, mvua. Mpangilio ndo kicheko.

#18 kalamu_ya_usiku

Mjadala huu una umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 na mashairi yake yasiyofuata arudhi, wataalamu waligawanyika na maneno yalikuwa makali, na hadi leo ukikaa na watunzi wawili hutakosa kuusikia. Mimi nasema hivi na mnaweza kunipinga. Mchelewaji ana mpangilio na kila mshororo umekatwa kwa sababu. Tazama "Mvua haikunyesha" imeachwa peke yake, msomaji anasimama hapo kama yeye alivyosimama na kapu. Hiyo ni kazi ya mtunzi. Shida ya shairi huru ni pale mtu anapochukua sentensi ya kawaida anaikata kata anaita ushairi, hajui kwa nini kakata hapo. Na shida ya arudhi ni rungu, yani kina kinakuamulia cha kusema. Kila upande una uvivu wake.

Kwa anayeanza lakini namuunga mkono mzee. Anza na kufunga. Ukishajua kupata mizani nane bila kulazimisha neno, sikio lako litakuwa limefunzwa na hata ukija kuacha vina utaacha kwa kujua. Mashairi huru mazuri niliyoyasoma mengi yametungwa na watu ambao wangeweza kufunga wakitaka.

#19 baba_wa_wawili

Hili la kulazimisha neno nataka kuuliza zaidi. Mfano nikikosa mizani moja naruhusiwa kubana neno au kulirefusha? Naona watu wanaandika "meona" badala ya nimeona.

#20 mzee_mizani

Inaruhusiwa na ina majina yake. Kubana ni inkisari, kurefusha ni mazida, na kubadili sauti bila kugusa idadi ni tabdila. "Meona" ni inkisari. "Afiya" kwa afya ni mazida. "Kujuwa" kwa kujua ni tabdila. Lakini hizi ni ruhusa za mara mojamoja. Beti yenye inkisari nne inamchosha msomaji, anakuwa anafumbua maneno badala ya kusikia maana. Kabla ya kubana neno jaribu kwanza kugeuza mpangilio wa maneno, kisha jaribu neno lingine. Ukishindwa kote, bana.

Wewe kwenye beti yako uliandika "kaniuliza", hiyo hata mtaani tunasema, haiumizi sikio.

#21 binti_bahari

Naomba tuongelee kusambaza sasa maana tumekaa sana kwenye kutunga.

Mi nilikuwa na shairi nililiweka kwenye grupu moja la familia, la arusi, baada ya muda likanirudia kwenye grupu lingine kabisa halina jina langu na beti moja imekatwa, aliyenitumia ananiambia hebu ona shairi zuri hili utajifunza. Toka hapo nafanya walivyofanya wazee wa zamani, jina la kutungia linaingia ndani ya beti ya mwisho, kwenye kaditama. Wanaweza kufuta jina juu ya shairi, ila wakitaka kulitoa ndani ya beti lazima wavunje kina na mizani na msomaji mwenye sikio atajua hapa pamekatwa. Usiweke jina chini ya shairi peke yake, chini ndo panafutwa kwanza.

Pili GHANI. Jirekodi. Mashairi yetu yametungwa kwa ajili ya sikio tangu zamani na humu kwenye maandishi yanapoteza nusu. Huhitaji sauti ya mwimbaji, unahitaji kujua pa kupumua, yani mwisho wa ukwapi (kipande cha kwanza) na mwisho wa utao. Mi nikimaliza kutunga naghani peke yangu kwanza, na mahali ulimi unapojikwaa najua mizani imenidanganya hata kama kwenye karatasi ziko nane.

Tatu, ukimtunga mtu wako wa karibu, muulize. Kicheko cha nyumbani kikitoka nje kinabadilika. Mume wangu anakoroma na nina beti kumi na mbili za kukoroma, anazijua zote na ananisaidia hata vina, lakini nje hazijatoka mpaka aliposema sawa. Aliposema sawa alitoa sharti moja, niseme pia kwamba ndiye anayeamka kwanza kumsikiliza mtoto. Nikaongeza beti ya kumi na tatu na ndiyo watu waliyoipenda kuliko zote.

#22 kalamu_ya_usiku

Hiyo ya sharti imenigusa, na ndo maana ile beti ya kumi na tatu ilipendwa, ilimaliza picha ya mtu. Ukimcheka mtu kwa beti kumi na mbili halafu hujasema unampenda kwa lipi, msomaji anabaki na mtu nusu.

Kwa wale wa imani pia jambo hilo lipo. Kuna vitu vya sala ambavyo ni siri. Dua uliyoomba usiku wa msiba, toba yako, hayo si lazima yawe shairi la hadharani. Andika, ndio, ila kaa nalo. Mimi nina daftari ambalo halitoki, na kuwa nalo kunanifanya yale ninayoyatoa yawe mepesi kwa njia nzuri, kwa sababu mazito yana mahali pake.

Na ukipenda shairi la mwenzako humu usilichukue tu, litungie takhmisa, ongeza mishororo yako mpaka beti ifike mitano, taja la nani. Mtunzi anasikia raha sana kukuta mtu kakaa na maneno yake kiasi hicho.

#23 mchelewaji

Kuhusu muda je? Mi natunga nikiwa nasubiri kitu, sina saa maalum. Mwenzenu mnaojua kufunga mnakaa mezani?

#24 baba_wa_wawili

Mimi toka juzi natembea nahesabu. Nikiwa naosha vyombo napiga sinki kwa kidole, mke wangu anauliza ni nini namwambia mizani. Natafuta utao kwanza, yani kile kipande cha pili, maana nimeona kina cha mwisho ndo kigumu kupata maneno manne mazuri, nikishapata hayo manne ndo narudi mbele. Sijui kama ni sahihi ila inanisaidia nisikwame na rungu lingine.

#25 mzee_mizani

Ni sahihi. Na wengine huanza na kituo, wakijua wanakwenda wapi ndipo wanatafuta njia ya kufika. Jaribu zote mbili.

#26 msomaji_tu

Wakuu naona aibu kidogo ila nimetunga. La kwanza maishani. Nimeona tarbia ni nzito kwangu nikachukua utenzi, mizani nane kila mshororo. Kilichotokea, asubuhi nimetafuta miwani nyumba nzima nimewagombeza watu na ilikuwa kichwani kwangu. Wote walikuwa wanaiona wakaniacha makusudi. Baadaye mchana nikiwa nimekaa nikawaza jambo lingine ambalo nimelitafuta muda mrefu, nikaandika beti ya pili.

Miwani naitafuta,
Mito yote nikavuta,
Hasira zikanikuta,
Kichwani imetulia.

Rehema ninayosaka,
Mbali mbio nikatoka,
Hata mwili ukachoka,
Nayo yanizungukia.

#27 binti_bahari

Msomaji_tu badilisha jina leo leo, we si msomaji tu tena. Hivi umesikia ulivyofanya? Beti ya pili hukuitaja miwani hata mara moja na bado naiona.

#28 kalamu_ya_usiku

Na aliyeuliza kama ni halali kucheka ndo huyu kaleta hii. Nimeisoma kwa sauti mara kadhaa. "Kichwani imetulia", neno tulia hapo limekaa vizuri mno, sisi tunahangaika yenyewe imetulia, na ndo inayobeba beti inayofuata. Nina swali moja tu, "hasira zikanikuta", zilikukuta kweli au wewe ndo ulikwenda kuzichukua? Kama kina kimeamua, pafikirie tena. Kama ni ukweli, paache.

#29 msomaji_tu

Zilinikuta mkuu. Nilipofika jikoni nikakuta wanacheka.

#30 mzee_mizani

Basi paache. Mizani zote nane, nimezipiga kwa kidole mbili mbili. Vina vya mwisho wa beti, tulia na zungukia, vyote vinaishia kwenye a, bahari (kwenye utenzi ndo kile kina cha mwisho kinachorudi kila beti) imeshikwa. Ila utenzi wa beti mbili ni mlango tu kijana wangu, wale jikoni wanaocheka bado hawajasema kitu. Wape beti ya tatu.